Mkopo, Rehani na Boma: Yanayotupasa Kujua Kabla ya Kutia Sahihi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa makanisa, vikundi vya mwethya na wanaharakati wa haki kutoka Kitui na Makueni)



Mlituomba tuzungumze juu ya sheria za mabenki na mikopo ya nyumba. Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza ni kwa nini mkutano wa watu waliozoea kujadili katiba, uchaguzi na vyama vingi uache mambo hayo, ukakae kutwa nzima kuzungumzia riba na rehani. Jibu letu ni fupi. Mwananchi anaweza kupewa kura na bado akanyang'anywa boma, na mara nyingi anayenyang'anywa hajui kwamba sheria ilimpa nafasi ya kujitetea. Mageuzi yasiyofika mlangoni pa mtu huyo hayajakamilika.

Tuanze na ukweli wa nyumbani. Mkazi wa Nairobi anapotaja mkopo wa nyumba, ana maana ya kwenda benki, kupewa fedha za kununua nyumba iliyokwisha kujengwa, na kulipa kidogo kidogo kwa miaka 15 au 20. Mikopo ya namna hiyo ni michache mno. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa yapata 30,000 tu katika nchi nzima, nayo ni nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Sensa hiyo hiyo ilihesabu watu 1,136,187 katika Kitui na 987,653 katika Makueni. Tembeeni kutoka Mwingi hadi Mutomo, na kutoka Kilungu hadi Kathonzweni, mkaulize ni maboma mangapi yaliyojengwa kwa mkopo wa miaka 20. Mtu wa kwetu hufyatua matofali yake mwenyewe, huyachoma wakati wa kiangazi, hununua mabati kumi mwaka huu na kumi mwaka ujao, na siku anapoingia katika nyumba hiyo hadaiwi na mtu.

Lakini mtu huyo huyo, mtoto wake anapoitwa chuo kikuu, au anapotaka pampu ya kunyweshea maembe, au anapotaka kufungua duka, hufungua sanduku, akatoa hatimiliki ya shamba na kuipeleka benki. Nayo nyumba imo ndani ya shamba. Sheria haitenganishi ukuta na ardhi iliyoubeba. Deni la pampu au la karo likishindwa kulipwa, kinachopigiwa mnada ni shamba pamoja na nyumba, jiko, ghala na makaburi ya wazee. Kwa hiyo, ndugu zetu, hili ndilo neno letu la leo: kwetu nyumba hainunuliwi kwa mkopo, bali hupotea kwa mkopo. Yeyote anayetunga sera ya mikopo ya nyumba bila kulijua hilo hatutungii sisi.

Jinsi shamba lilivyogeuka karatasi

Wazee wetu waliijua ardhi ya ukoo kwa jina la ng'undu. Ng'undu ilikuwa na mwenyewe, lakini mwenyewe hakuwa peke yake. Nyuma yake walisimama mke, watoto na ndugu, na mbele yake walisimama wale ambao hawajazaliwa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikuja na fikira nyingine, kwamba kila mkulima Mwafrika apimiwe shamba, aandikishwe, apewe hati, na kwa hati hiyo aweze kukopa. Fikira hiyo iliendelezwa na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963. Tangu hapo, mtu ambaye jina lake limo katika daftari la serikali ndiye aliyetambuliwa kuwa mwenye shamba, na mara nyingi jina hilo lilikuwa la mwanamume mmoja. Mke aliyelima shamba hilo miaka 30 hakuonekana katika daftari, na sheria hiyo haikumtaka mwenye benki amtafute.

Kulikuwa na kizuizi kimoja, nacho kipo hata leo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, shamba la kilimo haliwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na pasipo kibali hicho mapatano huwa batili. Bodi nyingi zilizoea kumwuliza mke kama amekubali. Lakini mazoea hayo yalitegemea moyo wa wajumbe wa bodi. Bodi iliyokuwa na haraka, au iliyokuwa na rafiki katika jambo hilo, haikuuliza.

Kisha ikaja miaka ya 1990, ambayo wengi wenu mliipitia mkiwa mstari wa mbele, nasi tulikuwa wanafunzi wa shule. Mnakumbuka kwamba Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na nchi ikarudi kwenye vyama vingi. Huenda hamkumbuki kwamba mwaka huo huo wa 1991 serikali iliacha kupanga riba za mabenki. Mwaka 1992 ukawa mwaka wa uchaguzi, nao pia ulikuwa mwaka wa Goldenberg. Fedha zilimwagwa nchini bila kazi wala mali ya kuzilingana. Mwaka 1993 bei za vitu zilipanda kwa takriban asilimia 46. Ili kuzivuta fedha hizo zirudi, serikali ilikopa kwa hati za hazina kwa riba iliyopita asilimia 70. Mabenki nayo yakapandisha riba ya wateja wao hadi asilimia 30 na zaidi.

Hebu mfikirie mwenye duka aliyekopa kabla ya hapo kwa asilimia 18 au 19. Hakuna mtu aliyemwita kumwuliza. Mkataba wake ulikuwa na mstari mmoja ulioiruhusu benki kubadili riba kadiri ionavyo yenyewe. Hakuchapisha noti, hakupata hata senti ya Goldenberg, lakini bili ya karamu ile ililetwa dukani kwake. Wakati huo huo baadhi ya mabenki yalianguka pamoja na akiba za watu. Trade Bank ilianguka mwaka 1993 na Trust Bank mwaka 1998, na mwaka huo wa 1998 hata National Bank of Kenya, ambayo serikali ilikuwa mwenye hisa mkubwa, iliyumba kwa uzito wa mikopo isiyolipwa. Mdeni mdogo alifilisiwa kwa deni la lori moja, na mdeni mkubwa akaalikwa ikulu. Ndiyo maana tunasema kwamba riba ni jambo la katiba. Serikali isiyoogopa wananchi huharibu fedha, na fedha zikiharibika, wa kwanza kulipa ni mwenye shamba dogo.

Tulivyojaribu kuirekebisha riba

Wabunge wamejaribu mara mbili kuweka kikomo cha riba. Mara ya kwanza ni mswada wa mheshimiwa Joe Donde wa Gem, uliopitishwa mwaka 2000, ukapingwa mahakamani na mabenki, wala haukupata kufanya kazi. Mara ya pili ni sheria ya mwaka 2016 iliyotokana na mswada wa mheshimiwa Jude Njomo. Sheria hiyo ilisema benki isitoze zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Tuliishangilia. Lakini haifai kuwaficha ukweli: mabenki mengi yaliona afadhali kuikopesha serikali kuliko kumkopesha muuza pojo wa Kabati, na mkopaji mdogo akafungiwa mlango. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba kwa kutoeleweka wazi, na kabla mwaka haujaisha Bunge likakifuta.

Hata hivyo, yako mambo mawili yaliyobaki, na watu wetu wengi hawayajui.

La kwanza ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kilichoanza kutumika mwaka 2007. Kinasema kwamba mkopo ukiisha kuhesabiwa kuwa mkopo usiolipika, riba ambayo benki inaweza kudai tangu hapo haiwezi kupita deni la msingi lililokuwapo siku hiyo. Ikiwa ulikuwa unadaiwa msingi wa shilingi 400,000, riba haiwezi kupita 400,000 nyingine. Benki inaweza kuongeza gharama halali za kukusanya deni, lakini haiwezi kukuletea hesabu ya milioni tatu na kuiita riba. Tumewaona watu waliolia mbele ya hesabu za namna hiyo, na hawakujua kwamba hesabu yenyewe ilivunja sheria.

La pili ni kifungu cha 44 cha sheria hiyo hiyo, kinachosema benki isipandishe viwango vya malipo yake bila idhini ya Waziri. Kwa miaka mingi mabenki yalidai kwamba neno hilo haliihusu riba. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba riba nayo imo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba riba ya deni lililowekewa rehani haipandishwi mpaka mkopaji apewe ilani ya maandishi ya siku 30 au zaidi, inayotaja kiwango kipya kwa namna inayoeleweka kwa urahisi. Ule mstari mmoja wa mwaka 1993 hauna tena nguvu uliyokuwa nayo.

Milango ya sheria

Katiba ya mwaka 2010, ambayo wengi mliipigania kwa machozi, ilisema mume na mke wana haki sawa katika ndoa, ikaliagiza Bunge litunge sheria ya kulinda nyumba ya ndoa. Kutoka humo zikaja Sheria ya Ardhi ya 2012 na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013. Tunawaomba mzishike kichwani kama milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa sahihi. Rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu ikiwa mwenzi hakutia sahihi au hakukubali. Sheria ya 2013 inaongeza kwamba kukubali huko kuwe kwa maandishi, na kuwe kwa mtu aliyeelezwa na kuelewa. Hayo si mambo mamoja. Mtu anaweza kutia sahihi bila kuelewa chochote.

Mlango wa pili ni wa ilani. Mkopaji akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, benki humpa ilani inayotaja kosa lenyewe na kiasi kinachodaiwa, na humpa muda usiopungua miezi mitatu wa kulirekebisha. Asipolipa, benki hutoa ilani nyingine ya kuuza, na haiwezi kuuza kabla siku 40 hazijapita. Nakala ya ilani hiyo ni lazima apewe mwenzi aliyekubali rehani, na mdhamini pia. Kisha dalali naye, kwa kanuni zake za mwaka 1997, hutoa ilani ya siku 45, na mnada haufanywi kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Hesabuni wenyewe: tangu siku ya kushindwa kulipa hadi nyundo ya dalali ni zaidi ya miezi sita. Muda huo ni mrefu kwa mtu anayejua la kufanya, lakini humwishia upesi mtu aliyeificha barua chini ya godoro.

Mlango wa tatu ni wa bei. Kabla ya kuuza, benki ni lazima imtume mthamini, na ina wajibu wa kutafuta bei nzuri kuliko zote zinazoweza kupatikana. Shamba likiuzwa kwa bei iliyo pungufu ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria huanza kwa kudhani kwamba benki imevunja wajibu wake, na mkopaji anaweza kwenda mahakamani. Lakini sikilizeni vizuri: mnunuzi aliyenunua kwa nia njema hulindwa na sheria. Mara nyingi nyundo ikishagonga, unachobaki nacho ni kudai fidia, na fidia haina kaburi la baba yako. Anayetaka kuliokoa boma aende mahakamani kabla ya siku ya mnada. Keshoye atakuwa amechelewa.

Muhuri uliokuwa wetu

Sasa tunaomba ruhusa tuseme jambo ambalo si rahisi kwa wakili kulisema hadharani.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja ofisini kwetu mama mmoja kutoka vilima vya Mbooni. Alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake ilani ya dalali. Mumewe alikuwa ameweka shamba lao rehani ili kumdhamini shemeji aliyenunua lori la kubebea maembe na pojo. Lori lilipata ajali, shemeji akaenda Mombasa, wala hakurudi. Mama alitwambia kwamba hakujua lolote mpaka alipomwona mthamini akizunguka boma lake na kamera. Tukaomba kuiona hati ya rehani. Katika ukurasa wa mwisho palikuwa na kukubali kwa mwenzi, na sahihi ya mama huyo. Chini yake palikuwa na cheti cha wakili kinachosema kwamba mama ameelezwa maana ya hati, naye ameielewa na kukubali kwa hiari yake. Muhuri uliokuwa chini ya cheti hicho ulikuwa wetu.

Tulimwuliza kama ile ilikuwa sahihi yake. Akasema, "Mwanangu, sahihi ni yangu. Lakini siku ile wewe ulinisomea nini?"

Hatukuwa na jibu. Hatukumkumbuka hata uso. Tulilojua ni desturi ya siku zile: mezani palikuwa na majalada mengi, afisa wa benki alileta wakopaji wanne au watano kwa pamoja, hati zilikuwa za Kiingereza, kurasa zaidi ya ishirini, nasi tulionyesha mahali pa kutia sahihi. Mama huyo alizaliwa na Kikamba, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Hakusomewa. Sheria ilitaka aelewe, nasi tulithibitisha kwamba ameelewa, na hatukuwa tumemwuliza.

Hatukuweza kumtetea, maana sisi wenyewe tulikuwa sehemu ya jambo lile. Tulimpeleka kwa wakili mwingine, tukaandika tulichokumbuka na tusichokumbuka. Wakili huyo aligundua kwamba benki haikumpa mama nakala ya ilani ya kuuza, ijapokuwa sheria inaitaka imletee mwenzi aliyekubali. Kwa sababu hiyo mahakama iliuzuia mnada kwa muda. Hesabu ya deni nayo ilichunguzwa upya, ikapungua kwa sababu ya kifungu cha 44A. Familia ilipata nafasi ya kupumua, ikatafuta mnunuzi wake yenyewe kwa bei ya haki, ikauza ekari tatu za chini, upande wa mto, zile zilizokuwa na maji. Boma lilipona. Mto umekwenda.

Hatusimulii haya ili tusifiwe kwa kukiri. Tunayasimulia kwa sababu tunaamini kwamba katika majalada ya Ukambani zimo sahihi nyingi za namna hiyo, na chini yake mihuri ya mawakili wengine kama sisi. Bunge lilifanya kazi yake, na mlango ukawekwa. Waliopewa ufunguo wakauacha wazi kwa sababu ya haraka na ya ada ndogo.

Haki ya upande wa pili

Kabla hatujasema yatupasayo kufanya, tuwatendee haki wenye mabenki pia. Fedha wanazokopesha ni akiba za walimu, wajane na vyama vya ushirika. Dawa ya deni ni kulipa, na mtu anayekopa akiwa na nia ya kutolipa ni mwizi wa jirani yake. Mahakama zetu zimewahi kusema kwamba mali ikiisha kuwekwa rehani imekuwa bidhaa, na mwenye kuiweka alijua kwamba inaweza kuuzwa. Neno hilo ni kali, lakini lina ukweli ndani yake. Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Tunachodai ni kwamba siku ya harusi mtu aambiwe gharama ya matanga, kwa lugha anayoisikia. Hatudai madeni yafutwe.

Tunayodai na tutakayoyafanya

Kwa serikali na Bunge, tunadai mambo manne.

Kwanza, hati ya rehani na fomu ya kukubali kwa mwenzi ziandikwe kwa Kiswahili pia. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, nayo inampa mnunuaji wa huduma haki ya kupata maelezo anayohitaji. Na pale asipokijua vizuri, asomewe kwa lugha yake, na jina la aliyemsomea liandikwe.

Pili, mwenzi apate ushauri wa wakili ambaye hakuchaguliwa na benki, ambaye hajalipwa na benki, na ambaye amekaa naye peke yake.

Tatu, Waziri atangaze hadharani kila idhini ya kupandisha riba anayoitoa chini ya kifungu cha 44. Idhini inayokaa kabatini haimsaidii mkopaji wa Zombe.

Nne, sera ya nyumba itazame na mashambani. Mwaka 2018 iliundwa Kampuni ya Kenya ya kuyapa mabenki na vyama vya akiba fedha za muda mrefu ili yakopeshe watu nyumba kwa riba nafuu, na tangu Machi 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi. Mwalimu wa Mutomo anakatwa sawa na karani wa Nairobi. Lakini sehemu kubwa ya Kitui ilikawia kupimwa, na wako wengi wasio na hatimiliki hadi leo. Bila hati, mlango wa mkopo nafuu umefungwa. Ana haki ya kuuliza kodi yake inajenga ukuta wa nani.

Kwa makanisa na vikundi, hatudai bali tunaomba. Kila parokia na kila kanisa lichague watu wawili wanaosoma vizuri, tuwafundishe, nasi tutafanya hivyo bila malipo. Kazi yao iwe moja: mtu yeyote anayekwenda kuweka shamba rehani apite kwao kwanza pamoja na mwenzi wake, hati isomwe yote kwa Kikamba, kisha waulizwe maswali matatu. Je, mnajua ni shamba lipi? Je, mnajua riba ni kiasi gani na inaweza kupanda? Je, mnajua kwamba mkishindwa kulipa, boma litauzwa? Wakijibu ndiyo, waende kwa amani. Na mtu aliyepata barua ya benki asione haya kuileta. Barua inayoletwa siku ya kwanza inaweza kuokoa shamba zima, na inayoletwa siku ya mnada haiokoi kitu.

Tena, tunawaomba kina baba jambo moja. Usimdhamini ndugu kwa shamba la boma kabla ya kuketi na mkeo. Undugu ni mwema, lakini hati ya rehani haimjui ndugu.

Ndugu wapendwa, katika kitabu cha Nehemia, sura ya tano, watu walimlilia kiongozi wao kwamba wameweka mashamba, mizabibu na nyumba zao rehani ili wapate nafaka wakati wa njaa. Nehemia hakuwaambia wavumilie. Aliita mkutano mkubwa, akawakabili wakopeshaji mbele ya watu wote, nao wakarudisha. Sisi Wakamba tunaijua njaa. Ile ya miaka ya 1980 wazee waliipa jina la Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa hali nimeshika, kwa sababu mtu alikuwa na fedha mkononi na chakula hakipo. Tusifike mahali pa kuwa na katiba mkononi, sheria mkononi, na boma halipo.

Mama yule wa Mbooni bado analima. Tulipokutana naye mara ya mwisho sokoni Tawa, alitusalimu vizuri, kisha akauliza kama siku hizi tunawasomea watu. Tulimjibu kwamba tunasoma, ukurasa kwa ukurasa, hata afisa wa benki akikasirika. Akasema, "Basi uwaambie na wenzako." Hiyo ndiyo sababu ya kuja kwetu leo.